Jinsi ya kuichambua namba kubwa kwa karatasi na kalamu: mfano wa 61,741,120

Tarehe 31 Oktoba 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika mwezi Agosti mwaka huo, na Watanzania wakaambiwa kwamba idadi yao ni milioni sitini na moja, laki saba na elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini. Namba hiyo ilisomwa redioni, ikachapishwa magazetini na ikaingia katika mipango ya shule, maji na barabara. Mimi niliiandika juu ya karatasi, nikaanza kuigawanya kwa mbili ili nione imejengwa kwa nini, na nilichokiona kilinivutia kiasi kwamba nimekuwa nikiitumia namba hii tangu wakati huo kila ninapotaka kumwonyesha mtu jinsi namba kubwa inavyochunguzwa.

Mwongozo huu unamfundisha msomaji kufanya kazi hiyo mwenyewe. Unahitaji karatasi, kalamu, ujuzi wa kugawanya uliopatikana shule ya msingi, na muda wa saa moja au mbili usio na haraka. Kikokotoo kiwe cha kuhakiki tu, kwa sababu anayebonyeza vitufe hupata jibu bila kuiona njia, na katika jambo hili njia ndiyo elimu yenyewe. Neno moja la tahadhari litangulie: sifa tutakazozigundua ni sifa za namba, wala si sifa za watu waliohesabiwa. Mtoto mmoja akizaliwa, namba inakuwa 61,741,121, ambayo haina kigawo hata kimoja inachochangia na namba ya kwanza isipokuwa 1. Ndivyo ilivyo kwa namba zozote mbili zinazofuatana.

Msingi wa kila kitu ni ukweli mmoja. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ama ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, ama ni zao la namba tasa. Na zao hilo ni moja tu, hata uanze kulitafuta kutoka upande gani. Ukishalijua zao hilo, maswali mengi yanayoonekana magumu, kama vile namba ina vigawo vingapi au kama inaweza kuandikwa kuwa jumla ya miraba miwili, hujibiwa kwa mistari michache. Kwa hiyo kazi kubwa iko mwanzoni.

Anza na mkia wa namba

Tazama kwanza tarakimu za mwisho. Namba yetu inaishia na 0, kwa hiyo inagawanyika kwa 2 na kwa 5. Usiishie hapo, endelea kuigawa nusu mpaka upate namba witiri: 61,741,120 inatoa 30,870,560, kisha 15,435,280, kisha 7,717,640, kisha 3,858,820, kisha 1,929,410, na hatimaye 964,705. Tumegawa kwa mbili mara sita, kwa hiyo 2⁶, yaani 64, ni kigawo cha namba yetu, nayo 128 si kigawo.

Ipo njia ya kulijua jambo hili bila kuigusa namba yote. Kwa kuwa 10 ni zao la 2 na 5, milioni moja inagawanyika kwa 64 bila baki, na hivyo kila kilicho kushoto kwa tarakimu sita za mwisho hakina neno. Inatosha kupima 741,120 peke yake: ukiigawanya kwa 64 unapata 11,580 kamili. Kwa 4 tazama tarakimu mbili za mwisho, kwa 8 tazama tatu, kwa 16 nne, na kuendelea.

Namba 964,705 inaishia na 5, kwa hiyo igawanye kwa 5, upate 192,941. Hii haiishii na 0 wala 5, hivyo kigawo 5 kimetoka mara moja tu. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini namba ya awali ina sifuri moja tu mwishoni ingawa ina mbili nyingi: kila sifuri ya mwisho huhitaji 2 moja na 5 moja, na 5 zetu zimekwisha.

Jumla ya tarakimu

Kwa 3 na 9 jumlisha tarakimu zote. Namba yetu inatoa 6 + 1 + 7 + 4 + 1 + 1 + 2 + 0, yaani 22. Kwa kuwa 22 haigawanyiki kwa 3, namba yenyewe haigawanyiki kwa 3 wala kwa 9. Sababu ni kwamba 10, 100, 1,000 na wenzao wote hubakiza 1 wakigawanywa kwa 9, kwa hiyo kila tarakimu huhesabika kwa thamani yake yenyewe bila kujali nafasi yake. Iweke 22 hiyo pembeni mwa karatasi. Tutaihitaji wakati wa kuhakiki.

Saba, kumi na moja na kumi na tatu kwa mkupuo mmoja

Watu wengi hufundishwa kanuni moja ya 11 na nyingine ya 7 iliyo ngumu kukumbuka, kisha 13 huachwa bila kanuni. Kuna njia iliyo nzuri kuliko zote hizo, nayo inatokana na ukweli kwamba 7 × 11 × 13 ni 1,001. Gawa namba yako katika makundi ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kama tunavyozigawa tayari kwa mkato, kisha toa na ujumlishe makundi hayo kwa kupokezana. Kwa 192,941 unapata 941 − 192, yaani 749. Sasa pima 749 badala ya namba kubwa: kwa 7 inatoa 107 kamili, ilhali kwa 11 inabaki 1 na kwa 13 inabaki 8. Kwa hiyo 7 ni kigawo, nazo 11 na 13 si vigawo.

Gawanya 192,941 kwa 7, upate 27,563. Pima tena, kwa kuwa 7 inaweza kurudi: 563 − 27 ni 536, ambayo haigawanyiki kwa 7. Mpaka hapa tumeshughulikia namba tasa zote kuanzia 2 hadi 13, na namba ya tarakimu nane imepungua ikawa ya tarakimu tano.

Sehemu inayohitaji uvumilivu

Kabla ya kuendelea, jiwekee mpaka. Kama 27,563 si namba tasa, basi lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, kwa sababu vigawo viwili vyote vikizidi kipeuo, zao lao litaizidi namba yenyewe. Mraba wa 166 ni 27,556, kwa hiyo hatuna haja ya kupima namba tasa yoyote iliyo juu ya 166. Mpaka huu ni msaada mkubwa, na anayeusahau hujitesa bure.

Kuanzia hapa hakuna kanuni fupi inayofaa kukaririwa. Unagawanya tu, namba tasa moja baada ya nyingine, na kuandika kinachobaki. Kwa 17 inabaki 6, kwa 19 inabaki 13, kwa 23 inabaki 9, kwa 29 inabaki 13, kwa 31 inabaki 4, kwa 37 inabaki 35, kwa 41 inabaki 11. Andika mabaki yote hata kama yanaonekana hayana faida, kwa maana ukija kugundua kosa utajua lilianzia wapi. Kisha ukifika 43, hakibaki kitu: 27,563 ni 43 × 641.

Je, 641 ni tasa? Mtu mwenye haraka ataanza kuipima upya kuanzia 2, lakini kazi hiyo imeshafanyika. Kama 641 ingekuwa na kigawo tasa kidogo kuliko 43, kigawo hicho kingekuwa pia kigawo cha 27,563, na tungekuwa tumekutana nacho njiani. Na kwa kuwa mraba wa 43 ni 1,849, ambao unaizidi 641, hakuna kigawo kingine cha kutafuta. Kwa hiyo 641 ni tasa, na uchambuzi umekamilika:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Hakiki kabla ya kufurahi. Njia ya haraka ni ya kutoa tisa: badili kila kigawo kwa jumla ya tarakimu zake mpaka ibaki tarakimu moja, kisha zidisha. 64 inakuwa 1, 5 na 7 zinabaki zilivyo, 43 inakuwa 7, na 641 inakuwa 11 kisha 2. Zao la 1, 5, 7, 7 na 2 ni 490, ambalo jumla ya tarakimu zake ni 13, kisha 4. Ile 22 tuliyoiweka pembeni nayo inakuwa 4. Zimelingana. Hata hivyo, hakiki hii haioni kosa la kubadilishana nafasi za tarakimu, kama vile kuandika 614 badala ya 641, kwa hiyo mwisho wa yote zidisha vigawo vyote kikamilifu angalau mara moja.

Kuvuna kutoka katika vigawo

Idadi ya vigawo vyote hupatikana kwa kuongeza 1 kwenye kila kipeo na kuzidisha. Kipeo cha 2 ni 6, na vipeo vya vingine vinne ni 1 kila kimoja, kwa hiyo tunapata 7 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani vigawo 112. Sababu yake ni rahisi kuiona: ili kuunda kigawo unachagua kuchukua 2 mara ngapi, kuanzia mara sifuri hadi mara sita, kisha kwa kila namba tasa nyingine unachagua kuichukua au kuiacha.

Vigawo huja wawili wawili, kila kimoja na mwenzake ambaye wakizidishwa wanatoa namba nzima. Kipeuo cha pili cha namba yetu kiko kati ya 7,857 na 7,858, na jozi iliyo karibu zaidi na kipeuo hicho ni 6,880 na 8,974. Maana yake ni kwamba kama watu wote waliohesabiwa wangepangwa uwanjani katika mistari iliyo sawa, umbo lililo karibu zaidi na mraba lingekuwa na mistari 6,880 ya watu 8,974 kila mmoja. Kuitafuta jozi hiyo kwa kuunganisha vigawo tasa ni zoezi zuri kwa mwanafunzi, zuri kuliko mazoezi mengi ya kugawanya yasiyo na lengo.

Jumla ya vigawo vyote hupatikana kwa kuzidisha jumla ndogo za kila namba tasa: kwa 2 ni 1 + 2 + 4 + 8 + 16 + 32 + 64, yaani 127, na kwa zile nyingine ni 6, 8, 44 na 642. Zao lake ni 172,199,808. Ukiondoa namba yenyewe zinabaki 110,458,688, ambazo ni nyingi kuliko 61,741,120. Wagiriki wa kale walizigawa namba katika makundi matatu kwa kipimo hiki: zile ambazo vigawo vyake vidogo havifikii namba yenyewe, zile ambazo vinalingana nayo kabisa, kama 6 na 28, na zile ambazo vinaizidi. Namba yetu iko katika kundi la tatu, na lingeweza kujulikana bila hesabu ndefu, kwa sababu 28 ni kigawo chake, na kila kigawe cha 28 kilicho kikubwa kuliko 28 huangukia katika kundi hilo.

Swali lingine ni hili: kuanzia 1 hadi 61,741,120, ni namba ngapi zisizochangia kigawo chochote na namba yetu isipokuwa 1? Anza na namba nzima, uondoe nusu kwa ajili ya 2, moja ya tano ya kilichobaki kwa ajili ya 5, moja ya saba kwa ajili ya 7, na vivyo hivyo kwa 43 na 641. Linabaki zao la 32, 4, 6, 42 na 640, yaani 20,643,840, ambayo ni kama theluthi moja ya zote. Hesabu hii ndiyo iliyo ndani ya usalama wa mawasiliano ya intaneti, jambo nitakaloligusa hapo mbele.

Wanaume na wanawake: njia ya Euclid

Sensa hiyo hiyo ilihesabu wanaume 30,053,130 na wanawake 31,687,990. Je, namba hizi mbili zina kigawo kikubwa cha shirika? Shuleni tulifundishwa kutafuta KKS kwa kuorodhesha vigawo tasa vya kila namba, njia ambayo kwa namba kubwa inachosha na mara nyingine haiwezekani kabisa. Euclid, aliyeishi Alexandria yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliacha njia isiyohitaji kigawo tasa hata kimoja. Gawanya kubwa kwa ndogo, chukua kinachobaki, kisha gawanya ile ndogo kwa hicho kilichobaki, na uendelee hivyo mpaka kisibaki kitu. Kigawo cha mwisho ulichokitumia ndicho KKS.

Kwa namba zetu mabaki yanashuka hivi: 1,634,860, kisha 625,650, 383,560, 242,090, 141,470, 100,620, 40,850, 18,920, 3,010, 860, 430, na mwishowe 0. Mara kumi na mbili za kugawanya, na jibu ni 430. Wanaume ni 430 × 69,891 na wanawake ni 430 × 73,693. Ukitazama vizuri utaona kwamba 430 ni 2 × 5 × 43, vyote vikiwa vigawo vya jumla yao, kama inavyopasa: kinachogawanya sehemu zote mbili lazima kigawanye na jumla. Kuwepo kwa 43 katika namba zote mbili ni bahati tu isiyo na maana yoyote ya kijamii, lakini nakiri kwamba nilipoiona mara ya kwanza nilirudia hesabu yote nikidhani nimekosea.

Miraba

Mraba mmoja haiwezekani, kwa kuwa kipeuo si namba nzima. Jumla ya miraba miwili je? Kanuni inasema kwamba namba huweza kuandikwa hivyo ikiwa kila namba tasa inayobakiza 3 ikigawanywa kwa 4 inatokea katika uchambuzi mara shufwa. Saba inabakiza 3, na 43 inabakiza 3, na kila moja imetokea mara moja tu. Kwa hiyo haiwezekani, na hakuna haja ya kujaribu hata jozi moja. Huu ni mfano mzuri wa nguvu ya hisabati: sentensi moja inafunga mlango ambao vinginevyo ungekagua maelfu ya jozi kabla ya kuufunga.

Kwa miraba mitatu, ondoa kwanza vigawo vyote vya 4. Tukiviondoa mara tatu tunarudi kwenye 964,705. Namba iliyobaki ikibakiza 7 inapogawanywa kwa 8, haiwezekani. Ikibakiza kingine, inawezekana. Yetu inabakiza 1. Sasa itafute. Mraba mkubwa usiozidi 964,705 ni wa 982, nao unaacha 381, ambayo ni 3 × 127, namba mbili zinazobakiza 3 zikigawanywa kwa 4, hiyo itupe. Shuka hadi 981, ambayo mraba wake unaacha 2,344, na 2,344 ni 38² + 30². Zidisha kila moja kwa 8, kwa kuwa mraba wa 8 ni ile 64 tuliyoiondoa, upate:

61,741,120 = 7,848² + 304² + 240²

Kwa miraba minne hakuna swali, kwani Lagrange alithibitisha mwaka 1770 kwamba kila namba nzima inaweza kuandikwa hivyo.

Nitaje pia, kwa ufupi, mambo mawili mengine. Namba huweza kuandikwa kuwa jumla ya namba zinazofuatana kwa njia nyingi kadiri ya vigawo vyake witiri. Yetu ina vigawo witiri 16, na ukiacha namba yenyewe ikisimama peke yake, zinabaki njia 15. Njia moja ni kuanzia 12,348,222 hadi 12,348,226. Na katika maandishi ya kompyuta ya 0 na 1, ambayo hupatikana kwa kuendelea kugawa nusu na kuandika kinachobaki kila mara kutoka kulia kwenda kushoto, namba yetu ni 11101011100001100001000000. Sifuri sita za mkiani ndizo zile nusu sita za mwanzo.

Kigawo 641 na historia yake

Hapa naomba kukaa kidogo, kwa kuwa 641 ni namba yenye heshima yake. Katika miaka ya 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, aliamini kwamba ukianza na 2, ukaipandisha kwa kipeo 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, kisha ukaongeza 1, utapata namba tasa daima. Tano za kwanza, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli. Ya sita ni 4,294,967,297, na kwa takribani miaka tisini hakuna aliyeonyesha kwamba ina kigawo.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg nchini Urusi, alionyesha kwamba namba hiyo ni 641 × 6,700,417. Hakuhitaji kupima kila namba tasa, kwa sababu kigawo tasa cha namba ya aina hii lazima kiwe kigawe cha 64 kilichoongezwa 1. Ukiandika orodha ya 65, 129, 193, 257 na kuendelea, namba tasa ndani yake ni 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Kugawanya mara tano tu.

Msomaji anaweza kulithibitisha hili bila hata kugawanya. Tazama kwamba 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴, yaani 625 + 16. Tukihesabu mabaki ya kugawanya kwa 641, usemi wa kwanza unasema kwamba 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Pandisha pande zote mbili kwa kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini usemi wa pili unasema kwamba 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka badala yake, upate kwamba −2³² ni sawa na 1, yaani 2³² + 1 ni sawa na 0, na hivyo inagawanyika kwa 641 bila baki. Sijui uthibitisho mwingine mfupi kama huu unaoangusha dhana ya mtu mkubwa kama Fermat, na kila mwanafunzi wa sekondari anaweza kuufuata mstari kwa mstari.

Pale njia inapokuwa ndefu

Namba ya sensa ya Tanzania ilikuwa na vigawo vidogo, nayo ilituhurumia. Si zote zinazofanya hivyo. Mfumo wa usimbaji uliobuniwa mwaka 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman unategemea ugumu wa kuchambua namba iliyo zao la namba tasa mbili kubwa sana: anayezijua hizo mbili huweza kuhesabu ile idadi ya namba zisizochangia kigawo, tuliyoihesabu hapo juu kwa dakika moja, na asiyezijua hana njia ya karibu. Namba ya tarakimu 250 iliyotolewa kama changamoto ya mfumo huo ilichambuliwa mwaka 2020, kwa kompyuta nyingi zikifanya kazi kwa pamoja.

Kwa mazoezi chukua namba ya sensa ya Kenya ya mwaka 2019, yaani watu 47,564,296. Tarakimu tatu za mwisho, 296, zinakuambia kwamba 8 ni kigawo, na ukigawanya unapata 5,945,537, ambayo ni witiri. Jumla ya tarakimu zake ni 38, kwa hiyo 3 haimo. Makundi ya tatu tatu yanatoa 537 − 945 + 5, yaani −403, ambayo ni 13 × 31 ikiwa na alama ya kutoa. Kwa hiyo 13 ni kigawo, nazo 7 na 11 hazimo. Inabaki 457,349. Hii haigawanyiki tena kwa 13, kwa 17 inabaki 15, na kwa 19 inagawanyika ikatoa 24,071.

Hapo ndipo mtu anapoweka kalamu chini na kudhani amekosea, kwa sababu 24,071 haikubali chochote. Usiiache. Mraba wa 155 ni 24,025 na wa 156 ni 24,336, kwa hiyo mpaka wako ni 155, na kuanzia 19, ambayo lazima uipime tena, hadi 151 zimo namba tasa 29. Mara mbili utadhani umefika, kwa 29 na kwa 83, ambapo inabaki 1 tu. Kwa 59 ilikosa moja tu ikamilike. Ukifika 151 inabaki 62, na namba tasa inayofuata, 157, ina mraba wa 24,649 unaozidi namba unayoipima. Basi 24,071 ni tasa, na unaweza kuandika kwa uhakika kwamba 47,564,296 ni 2³ × 13 × 19 × 24,071, yenye vigawo 32.